Joto Nililopeleka Bashanet

Ndugu zangu Marko na Yohana,

Leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima. Nimemrushia mafuta ya kondoo usoni mzee ninayemwomba binti yake.

Sijakosea kuandika. Usoni. Na kwenye koti.

Najua barua hii ikifika huko Arusha mtaisoma kwa sauti mbele ya wenzenu wa chumbani. Someni tu. Habari za mjini hapa zinasafiri haraka kuliko posta, afadhali mzipate kwangu kabla hazijaongezewa chumvi. (Chumvi ndicho kitu pekee ambacho Babati hakijaadimika.)

Nianze mwanzo.

Paskalina mnamkumbuka. Alikuwa akikaa kwa shangazi yake, mtaa wa Maisaka, na kuleta mahindi mashineni. Nilimpenda karibu mwaka mzima bila kumwambia. Siku moja foleni ya mashine ilikuwa ndefu, akanigeukia, akasema, "Wewe kaka, una ulimi au umeuacha nyumbani?"

Nikasema, "Ninao."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza. Ya pili hayakuwa marefu sana kuliko hayo. Lakini alipokuwa anarudi kwao Bashanet alinipitia dukani, pale ninapotengeneza baiskeli, akasema, "Mimi naondoka. Kama una neno, lilete kwa wazee." Akaenda. Nilibaki nimeshika spoku mkononi mpaka mwenye baiskeli akaniuliza kama naumwa.

Baba akamchagua Mzee Bura awe mshenga wangu. Hapa mjini hakuna anayemshinda kwa maneno. Tatizo ni kifua chake. Baridi ikimpata anakohoa mpaka anashika ukuta.

"Bashanet mwezi wa saba?" alisema. "Nyinyi mnataka kuposa au mnataka kunizika?"

Kutembea hawezi. Kukaa juu ya lori la mahindi hawezi. Ikabaki Pijo ya Baba Tumaini.

Baba Tumaini ni bwana mifugo mstaafu, mtu wa Singida, anakaa hapa kwetu Nangara. Pijo yake ni ile 404 ya rangi ya maziwa aliyoinunua kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Siku nyingi imesimama tu, kuku wanalala chini yake, kwa sababu petroli ni ya kibali na kibali ni cha kungojea. Baba alipomwendea, alikubali, ila akatoa sharti moja.

"Hita ya gari imekufa miaka mingi," alisema. "Na ule mlima huupandi bila hita. Ukungu unaziba kioo nje, pumzi zenu zinakiziba ndani. Mara ya mwisho niliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Petroli ya kwenda na kurudi ninayo. Kijana wako atengeneze hita, nitawapeleka."

Baba akanitazama. Nikatazama chini. Nikasema, "Nitajaribu."

Kwa wasiojua (wewe Yohana), hita ya gari si kitu cha ajabu. Maji yanayochemka kwenye injini yanapitishwa kwenye koki, yanaingia kwenye rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi. Feni inaipulizia. Ni kama ukipuliza uji wa moto, ule upepo unaokurudia usoni una joto. Halafu kuna mifereji ya kuupeleka upepo huo kwenye kioo na miguuni, na vifuniko vya kuamua uende wapi. Basi.

Nilipoifungua niliona kwa nini ilikufa. Panya walikuwa wamejenga humo, wakazaa, wakahama. Nilitoa manyoya, maganda ya karanga, na shanga tatu za rozari. Rejeta ndogo ilikuwa imetoboka, na fundi fulani wa zamani aliunganisha mipira miwili ili maji yasiifikie kabisa. Waya za vifuniko zilikatika nilipozigusa. Boksi lenyewe lilikuwa na nyufa kama kibuyu kilichoanguka.

Nitasema jambo moja kwa kujisifu, kwa sababu baada ya hapa sitapata nafasi nyingine. Niliifanya kazi ile vizuri. Rejeta ilizibwa kwa risasi na yule anayetengeneza vibatari. Mpira nilikata kwenye bomba la kunyunyizia dawa ya kupe, alilonipa Baba Tumaini mwenyewe. Waya za vifuniko nilitumia za breki za baiskeli, zikawa laini kuliko za mwanzo. Jioni nilikuwa nikikaa ndani ya gari lile nikisukuma vishikio, nikisikia vifuniko vinafunga, tak, tak, na nilikuwa na raha ambayo siwezi kuieleza. Kulikuwa na kitu kilichokufa na sasa kinajibu. Hakinitazami usoni wala hakiniulizi kama nina ulimi.

Vikabaki vitu viwili: nyufa za boksi, na feni iliyokuwa imekauka mpaka inalia kama mtoto wa nguruwe. Ilitaka grisi.

Nilizunguka mji mzima. Duka la ushirika lilikuwa na majembe na chumvi. Maduka ya stendi yalikuwa na rafu, lakini kwenye rafu hakuna kitu. Mama mmoja muuza duka alinicheka. "Grisi? Kijana, hata ya kujipaka mwilini hatuna, wewe unatafuta ya kupaka feni?"

Nyumbani shemeji yangu, mke wa kaka, amejifungua juzijuzi. Mnajua kwetu mzazi anawekewa mafuta ya kondoo, ya kunywa kwenye uji na ya kumpaka mtoto. Kibuyu kilikuwa kimejaa. Nikamwomba kidogo. Akanipa kikombe kizima bila kuuliza cha nini. (Mzazi anayelala kwa muda wa saa mbili tu usiku mzima haulizi maswali.)

Yalikuwa meupe, magumu, safi. Niliyapaka kwenye feni, kilio kikakoma papo hapo. Yaliyobaki niliyachanganya na manyoya ya kondoo, nikayakandakanda, nikaziba nyufa zote za boksi. Yaliganda kama nta. Hata ukucha haukuingia. Nilijiona mtu mwenye akili sana.

Nikajaribu feni kwa betri. Upepo ukatoka kila tundu. Baba Tumaini akaweka kiganja, akasema, "Huu upepo! Joto likija humu tutavua makoti."

Lakini injini hatukuwasha. Petroli ilikuwa ya safari, haikuwa ya kujaribia. Kwa hiyo hita ile niliijaribu kwa kila kitu isipokuwa joto.

Soma tena sentensi hiyo, Marko, wewe unayejifunza ufundi.

Basi leo Jumamosi asubuhi tukaondoka. (Kesho Jumapili isingewezekana, siku hizi Jumapili mchana magari hayaruhusiwi barabarani, ili kuokoa petroli.) Mimi kwa desturi sikutakiwa kwenda. Mwoaji hakai kwenye posa yake. Mzee Bura alikataa kabisa. Baba Tumaini akamuuliza, "Na hita ikigoma katikati ya mlima, utaitengeneza wewe kwa maneno?"

Wakaelewana hivi: niende kama fundi. Tukifika nibaki ndani ya gari, nisishuke. Akija mtu kuniuliza, mimi ni fundi wa gari, sina jina. Mzee Bura akanishika bega. "Wewe kazi yako ni moja tu. Kunyamaza."

Nilifurahi. Hiyo kazi ninaiweza.

Mzee Bura alikaa mbele na blanketi magotini, mimi nyuma. Alikuwa ametuagiza tusile chochote asubuhi ili tukale vizuri kwa wenyeji. Tulipita Dareda jua likiwa limetoka. Tulipoanza kupanda, jua likabaki huko chini. Ukungu ukatufunika. Kioo kikawa cheupe. Mzee Bura akaanza kukohoa.

"Haya, fundi," akasema Baba Tumaini. "Lete hilo joto."

Niliinama katikati ya viti, nikafungua koki, nikawasha feni. Kwanza ulikuja upepo baridi. Halafu si baridi. Halafu, jamani, joto! Joto la kweli! Kwenye kioo kikatokea kiduara kidogo cheusi, kikakua, kikawa barabara. Mzee Bura alinyoosha miguu, akaacha kukohoa, akasema, "Kumbe mtu anaweza kufika Bashanet akiwa hai."

"Mtoto ana mikono huyu," akasema Baba Tumaini.

Nilikaa nyuma nikatazama nje ili wasinione ninavyotabasamu. Nilifikiri kwamba mtu asiyejua kusema anaweza kusema hivi. Anawapa watu joto nao wanaelewa. Nilikuwa na mawazo mazuri sana. Yalidumu kona kama mbili.

"Nani ana nyama?" akauliza Mzee Bura.

"Nyama gani?" Baba Tumaini akanusa. "Eh. Kondoo."

"Kondoo kabisa. Kuna watu wanachoma hapa karibu?"

Hakukuwa na mtu karibu. Kulikuwa na ukungu, miti, na mimi. Nilijua palepale. Hapo ndipo ningesema. Maneno yenyewe ni machache: wazee, ni mafuta, niliyapaka mimi. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nikajiambia harufu itapita.

Nilijaribu kufunga koki taratibu. Ilikuwa imekwama. Joto likaendelea kuja, na harufu ikaja nalo. Tusingeweza kushusha vioo kwa sababu ya kifua cha mzee. Halafu feni ikaanza kurusha vitone. Vidogo sana, kama manyunyu. Kioo ambacho joto lilikisafisha, mafuta yakakipaka. Baba Tumaini alifuta kwa mkono, ikawa mbaya zaidi. Mwisho akafungua dirisha lake na kutoa kichwa nje.

Kama mbuzi wa mnadani. Na hita ikiwa inafanya kazi.

"Fundi, hiki ni nini?" aliniuliza kwa sauti ya kupigana na upepo.

"Mvuke," nikasema.

(Nisameheni. Ndilo neno lililokuja.)

Tulifika kwa kina Paskalina saa nne hivi. Mbwa walikuja mbio, hawakubweka. Walilamba mlango wa gari. Wazee walishuka na nilipowaona kwenye mwanga nilitaka kulia. Nyuso zao ziling'aa. Midomo iling'aa. Kila mmoja alionekana kama mtu aliyetoka kula mbavu nzima peke yake, bila kunawa.

Nilijikunja kiti cha nyuma. Gari lilikuwa limeegeshwa karibu na dirisha la sebule, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Shikamoo, Baba Paskalina."

"Marahaba. Karibuni, poleni na baridi."

"Baridi hatukuiona," akasema Baba Tumaini. Ingekuwa heri angekaa kimya.

Mzee Bura aliweka furushi katikati ya sebule. Nililifunga mimi mwenyewe jana: blanketi, sukari, na mche mzima wa sabuni ya kufulia tulioupata kwa kuhangaika sana. Furushi la posa huwekwa hapo lakini halifunguliwi. Wenyeji wakilifungua, wamekubali. Wasipokubali, mnarudi nalo lilivyo. Kwa sababu ya Baba Tumaini, asiyejua lugha yetu, walizungumza Kiswahili, na Mzee Bura alianza vizuri, kwa mbali, akisifu mifugo na mvua. Nilianza kupata pumzi.

Ndipo nikasikia sauti ya bibi kizee. Ni bibi yake Paskalina. Alikuwa kwenye kona na wala hakungoja zamu yake.

"Nyinyi mmekula njiani."

"Hapana, Bibi, hatujatia kitu mdomoni."

"Mnanuka kondoo."

"Hata sisi tumesikia hiyo harufu, Bibi. Hatujui inatoka wapi."

Nikasikia fimbo yake ikigonga sakafu, tok, tok, akiwasogelea. Naamini alimnusa Mzee Bura begani, kwa sababu Mzee Bura alisema, "Eh, Bibi!"

"Hii si nyama," akasema bibi. "Haya ni mafuta. Mafuta ya mzazi. Kwenu kuna mzazi?"

Na Baba Tumaini, mtu mwema asiyejua kulikoni, akajibu kwa furaha, "Yupo! Mtoto wa kike, mnene, mzima kabisa! Hana hata mwezi!"

Ndugu zangu, nilisikia viti vikisogezwa.

Mama yake Paskalina ndiye aliyesema kwanza, polepole. "Kwa hiyo mmekuja kumposa binti yetu, na huko nyumbani mmemwacha mwanamke na mtoto mchanga."

"Hapana, mama!" Mzee Bura alishtuka. "Ni mke wa kaka yake! Kaka mkubwa!"

"Huyo kaka ndiye mwenye gari?" akauliza bibi.

"Hapana, gari ni la huyu."

"Huyo mke wa kaka mmempakia humo?"

"Hatujampakia."

"Sasa mafuta yake yamefikaje kwenye nguo zenu za posa?"

Mzee Bura, mtu asiyeshindwa kwa maneno, akashindwa. Angejuaje? Sikumwambia mtu. Kila alichosema kilikuwa kweli, na kila alichosema kilisikika kama uongo uliopangwa vibaya. Nilimsikia akikohoa, na safari hii hakikuwa kikohozi cha baridi.

"Basi, wazee wetu," akasema Baba Paskalina. Hakuwa na hasira. Hiyo ndiyo iliniumiza. "Tumewashukuru kwa safari. Chukueni furushi lenu."

Nilikuwa nimejikunja kwenye kiti nikitazama sakafu ya gari. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyejua jibu, naye ameambiwa kazi yake ni kunyamaza. Nimenyamaza maisha yangu yote. Darasani mnakumbuka, mwalimu akiuliza nami ninajua, nilikuwa nainamia daftari mpaka mwingine aseme. Nilidhani kunyamaza hakumgharimu mtu. Leo niliona mzee wa watu anadhalilika kwa kunyamaza kwangu, na Paskalina, aliyekuwa jikoni, anaambiwa kwamba mimi nina mke.

Nikafungua mlango. Mbwa wakanipokea.

Niliingia sebuleni. Wote waligeuka. Mzee Bura alifumba macho. Nilisema shikamoo kwa wote mara moja, nikasahau kungoja marahaba.

"Mafuta ni ya shemeji," nikasema. "Nilipaka feni."

"Ulipaka nini?" akauliza Baba Paskalina.

"Feni."

Bibi akaegemea fimbo. "Feni ndiyo iliyojifungua?"

Kutoka jikoni nilisikia mtu akibana kicheko. Nilimjua. Nikapata nguvu kidogo, au labda nilipoteza akili, sijui.

"Grisi hakuna mjini. Feni ya hita ilikuwa inalia. Mzee ana kifua. Nikapaka mafuta, na nyufa nikaziba kwa manyoya. Sikuwaambia. Niliona aibu. Mtoto si wangu. Mimi sina mtu. Njooni niwaonyeshe."

Hiyo, Yohana, ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa. Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini nilisema njooni niwaonyeshe.

Wakaja. Wote! Baba Paskalina, mama, bibi na fimbo yake, majirani waliokuwa wananusa tangu tulipofika. Paskalina alisimama mlangoni na kanga kichwani. Niliwasha feni. Ikaguna, ikagoma. Baridi ya Bashanet ilikuwa imeyagandisha mafuta yote yaliyotiririka kwenye mifereji.

"Sioni kitu," akasema Baba Paskalina.

"Subiri, baba." Nikamwomba Baba Tumaini awashe injini. Akaiwasha. Tukangoja. Feni ilianza kuzunguka kwa taabu, lakini upepo hautoki. Nikaongeza mwendo wa feni mpaka mwisho.

Baba Paskalina ni mtu wa haki. Alitaka kuona kwa macho yake kabla ya kumhukumu mtu. Kwa hiyo aliingiza kichwa ndani ya gari na kusogeza uso kwenye tundu la hewa.

"Bado sio..."

Pu!

Lilitoka bonge. Mafuta, manyoya, na nadhani kipande cha kiota cha panya ambacho sikukiona. Lilimpata katikati ya macho, likapasuka, likashuka kwenye koti. Koti lile ni la sufu, jeusi, alilolinunua zamani, kabla nguo hazijawa kitu cha kusimuliana. Nyuma ya bonge yakafuata manyunyu. Na nyuma ya manyunyu, sasa mfereji ukiwa wazi, joto safi, laini, kama nilivyokuwa nimekusudia.

Baba Paskalina alitoa kichwa garini polepole. Unyoya mmoja ulikuwa umesimama kwenye nyusi yake.

Bibi alimsogelea mwanawe, akampitishia kidole shavuni, akanusa, akalamba kidogo.

"Kweli," akasema. "Ni mafuta ya mzazi, na yametoka kwenye gari."

Halafu akanigeukia mimi. Akanitazama kutoka viatu mpaka kichwani.

"Huyu hana mtoto aliyemficha. Mtazameni. Huyu hawezi kuficha hata kikombe cha mafuta."

Wakacheka. Ua mzima. Majirani walishikana mabega. Baba Tumaini aliinamia usukani. Mzee Bura alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika gari, nami sikujua nimshike au nikimbie. Nilisimama tu. Masikio yangu yalikuwa na joto kuliko ile hita.

Baba Paskalina hakucheka. Alikuwa haoni. "Sabuni," akasema. "Nipeni sabuni."

Wanawake wakatazamana. Mama Paskalina akasema chinichini kwamba sabuni haipo tangu mwezi uliopita, wanafulia majivu. Majivu kwenye macho haiwezekani.

Bibi akapiga fimbo chini. "Si ipo humo ndani, kwenye furushi?"

Mzee Bura akaacha kukohoa papo hapo. "Bibi, furushi likifunguliwa..."

"Ninajua furushi ni nini. Nimeolewa kabla hujazaliwa. Paskalina! Fungua, lete."

Paskalina akaingia ndani. Hakuchelewa hata kidogo.

Baba yake alinawa uso mara mbili kwa maji ya moto na sabuni yangu. Povu lilikuwa jingi, watoto wa majirani walikuja kulitazama. Alipomaliza, Mzee Bura alikuwa amekwisha kaa vizuri kwenye kiti, sauti imerudi yote.

"Tunashukuru," akasema, "kwa kutupokelea zawadi yetu."

"Nimenawa," akasema Baba Paskalina. "Sijakubali. Nimenawa tu."

"Furushi limefunguliwa na wenyeji, ndani ya nyumba yao."

"Nilikuwa sioni!"

"Aliyelifungua alikuwa anaona."

Wakaendelea hivyo muda mrefu. Mimi nilirudishwa kwenye gari. Baba Tumaini alikuwa amezima injini ili kuokoa petroli, lakini feni ilikuwa bado inazunguka kwa betri, na maji yaliyobaki kwenye rejeta yalikuwa bado ya moto. Nilikaa nikilitazama lile tundu. Sikuwa na hasira nalo. Lilifanya kazi yake. Mimi ndiye niliyelitilia kitu ambacho hakitaki joto, nikanyamaza.

Paskalina akaja. Hakuniambia kitu. Alinyoosha mikono kupitia dirishani, akaiweka mbele ya upepo, akageuza viganja, akageuza tena. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa baridi.

"Kumbe kweli linatoa joto," akasema.

Nikasema, "Ndiyo."

"Umesema maneno mengi leo."

Nilitafuta la kujibu. Nilitafuta sana. Nikasema, "Ndiyo."

Akacheka, akaondoka. Sijui ndugu zangu. Mnaojua mambo haya niandikieni maana yake.

Tulikula baadaye, wali na maharage, na wazee wote wawili walikula kwa bidii kubwa ili kuthibitisha kwamba hawakula njiani. Wakati wa kuagana, Baba Paskalina alisimama mbele yangu. Koti alikuwa amelivua, limelowekwa kwenye beseni. Akasema atafikiri. Akasema nirudi mwezi ujao nimletee jibu langu kuhusu koti, naye atanipa jibu lake kuhusu binti. Nilipokuwa naingia garini akaongeza, "Na uje kwa miguu."

Njia nzima ya kurudi tulishusha vioo. Mzee Bura hakukohoa hata mara moja, alikuwa anacheka. Sasa niko nyumbani Nangara, jua linazama, na shemeji ameuliza kwa nini mbwa wa jirani wamelala mbele ya mlango wetu. Nimemwambia sijui. Halafu nimerudi na kumwambia yote, kabla haijapita saa. Naye amecheka mpaka mtoto akaamka.

Msinicheke nanyi, inatosha. Niombeeni tu. Mpaka naandika mstari huu, mambo yamekaa hivi: sabuni imekubaliwa, mimi bado.

Ndimi ndugu yenu,
Petro